Kutoa orodha ya vifaa vya jengo kwenye modeli ya Revit, kila kifaa na chumba chake

Msimamizi wa jengo moja la ofisi hapa Dar alikabidhiwa modeli ya Revit (programu ya kuchora majengo kwa 3D) pamoja na funguo, akaniuliza: "Sasa hii itanisaidiaje AC ya ghorofa ya nne ikigoma?" Swali la haki kabisa. Fundi anataka kujua ni kifaa gani, kiko chumba gani, na kilifanyiwa sevisi lini. Nachukulia Revit unaijua na modeli ya usanifu umeshaiunganisha kwenye ya mitambo.

Hatua ya 1: Kaa na fundi

Muulize huwa anaandika nini kwenye daftari lake. Hizo ndizo safu zako. Jedwali la COBie (muundo wa kawaida wa kukabidhi taarifa za jengo) lina safu chungu nzima, na ukimpa zote hatajaza hata moja. Kwa AC ongeza safu ya aina ya gesi, hasa kama kuna mashine zilizohamishwa kutoka jengo la zamani: gesi ya zamani ya R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal.

Hatua ya 2: Kila kifaa kipate chumba

Hapa ndipo muda unapopotelea. Ukitengeneza jedwali la mitambo, AC za ukutani zitakuja na namba ya chumba, ila zile zilizofichwa juu ya dari zitakuwa tupu. Modeli haijaharibika. Revit inaangalia kama kifaa kiko ndani ya chumba, na chumba kinakomea kwenye dari. Kilicho juu ya jipsamu, kwake hakipo popote.

Fanya haya kwenye nakala ya faili, usiguse faili lenyewe:

- Bofya modeli ya usanifu, ingia Edit Type, weka tiki kwenye Room Bounding.
- Weka Spaces (vyumba vya upande wa modeli ya mitambo) ghorofa zote. Usichore Rooms upya. Space inachukua jina na namba ya chumba kwenye modeli ya msanifu.
- Upper Limit iwe ghorofa inayofuata, Limit Offset iwe 0.
- Ingia Area and Volume Computations, chagua Areas only.

Hilo la mwisho ndilo lililojificha. Ukiacha hesabu ya ujazo ikiwa imewashwa, dari itaendelea kuikata Space hata kama umeipandisha hadi kwenye slabu. Injinia wa AC anaihitaji hesabu hiyo kupata mzigo wa ubaridi, ndiyo maana nimesema nakala.

Bado hutamaliza. Ukumbi wa mapokezi wenye kimo cha ghorofa mbili, Upper Limit yake ipandishe zaidi. Bodi ya umeme iliyozama ukutani itakataa, kwa hiyo fungua familia yake (faili la kifaa hicho ndani ya Revit), washa Room Calculation Point, uivute nukta itokeze upande wa chumba husika. Ukiivuta upande usio wake, bodi itahesabiwa kwa jirani, na jedwali halitakuonya. Mashine zilizoko juu ya paa andika kwa mkono: PAA-MASHARIKI, yatosha.

Hatua ya 3: Namba

Usitumie kitambulisho cha IFC (faili la modeli linalosomeka na programu nyingine). Kina herufi 22, na mchoraji akifuta kifaa na kukichora upya, kinabadilika. Jaza namba yako kwenye Mark, mfano AC-04-012. Namba hiyo ni ya mahali, si ya mashine: AC ikibadilishwa namba inabaki, namba ya kiwandani ndiyo inayobadilika.

Hatua ya 4: Toa IFC

Ikague kwenye Bonsai ndani ya Blender, ni bure. Jedwali liweke Excel au LibreOffice. Wauzaji wa mifumo ya usimamizi watakufuata. Wasubiri mpaka fundi awe na mazoea ya kujaza jedwali.

Hatua ya 5: Tembea na jedwali mkononi

Bandika lebo za QR. Kwa mashine za nje usitumie stika ya karatasi, jua na chumvi ya bahari vitaimaliza. Chonga kibati cha alumini. Kifunge kwenye braketi, kamwe si kwenye mfuniko, kwa sababu siku ya sevisi mafundi hufungua mifuniko kadhaa kwa pamoja na kuirudisha bila kuangalia upi ulikuwa wa mashine ipi. Kifaa ambacho hukukiona usikifute: andika "hakijaonekana" mpaka mtu afungue dari.