Skii kwa mara ya kwanza Minnesota: anzia karibu

Ndugu mlioko Minneapolis, mkitaka kujaribu skii, yaani kuteleza kwenye theluji, msikimbilie kituo cha Lutsen kwanza. Ni pazuri mno, Ziwa Superior unaliona kutoka juu, lakini ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na anayeanza atashinda kwenye kimteremko cha mazoezi tu. Anzeni Buck Hill, kilima cha skii pale Burnsville. Kilima hakifiki mita 100, nacho chatosha kabisa kujifunza kusimama na kupiga kona. Mkishaweza, Afton Alps, kituo kingine cha skii, pana njia nyingi zaidi.

Ila viatu vya kukodi vikagueni popote mwendako: soksi moja ndefu, si mbili, vidole viguse mbele kidogo, kisigino kisinyanyuke. Kiatu kikipwaya, kirudishe palepale kabla hujapanda.