Maneno ya maombi yakikuishia
Mpendwa unayesubiri ajira, mtoto au uponyaji, jaribu hili. Fungua Zaburi 13, ina mistari 6 tu, uisome kwa sauti. Daudi anaanza kwa kulalamika, "hata lini?", na hafichi kitu. Siku nyingine utaishia hapo kwenye malalamiko. Bwana anayasikia hayo pia. Ibrahimu mwenyewe alisubiri sana mtoto aliyeahidiwa: alitoka Harani ana miaka 75, mwanawe Isaka akazaliwa yeye ana 100.

Huku Dodoma wapo wanaopanda uwele kwenye udongo mkavu, mvua bado. Nawe endelea kuandaa vyeti, endelea na kliniki. Na tafuta mtu mmoja wa jumuiya yako, mtunza siri (si kundi zima la WhatsApp, tafadhali), akuombee siku ambazo wewe huwezi.