Kujichoma sindano ya antibayotiki nyumbani: niliyofundishwa kabla ya kukabidhiwa dawa

Mvua za Januari zinapojaza makorongo ya Bahi, mkoani Dodoma, mtu anayeishi ng'ambo ya korongo anaweza kukaa siku mbili bila kufika zahanati, na dozi ya antibayotiki haisubiri maji yapungue. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya daktari aniruhusu nijichome mwenyewe seftriaksoni, ndiyo antibayotiki niliyoandikiwa, kwenye msuli kwa siku zilizobaki, baada ya dozi za mwanzo kuchomewa kituoni. Ninayoyaandika hapa yanamhusu mtu wa hali kama hiyo: aliyepimwa, akaandikiwa sindano kwa jina lake, akaruhusiwa kuichoma nyumbani, na anafundishwa na muuguzi ana kwa ana. Hayamhusu aliyenunua kichupa dukani kwa kukisia ugonjwa wake, wala hayachukui nafasi ya yule muuguzi.

Kabla ya kujifunza lolote, muulize daktari kama hakuna kidonge kinachoweza kufanya kazi hiyo hiyo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sindano ndiyo dawa yenye nguvu na kidonge ni cha kupoza tu, na imani hiyo imewapa watu wengi maumivu ya paja yasiyo ya lazima, kwa kuwa maambukizi mengi hupona kwa vidonge bila tatizo. Akikuambia kwamba kwako sindano haiepukiki, mweleze yote uliyonayo: kama uliwahi kupata mzio wa penisilini au dawa nyingine yoyote, kama dawa ya ganzi iliwahi kukudhuru, kama mapigo ya moyo wako yana hitilafu, kama una ugonjwa wa ini au figo, kama una mimba. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye damu yake haikatiki upesi akijikata, kwa kawaida hachomwi sindano ya msuli, na hilo ni lazima lisemwe mapema.

Dozi ya kwanza haichomwi nyumbani. Mzio mkali huweza kumwangusha mtu ndani ya dakika chache, na dawa ya kumwokoa, yaani adrenalini, iko kituoni, haiko kabatini kwako. Baada ya dozi hiyo utakaa hapo angalau nusu saa, hata kama unajisikia mzima na bodaboda anakupigia honi nje.

Mazoezi yangu yalianza kwa chungwa. Sista, yaani muuguzi aliyenifundisha, alinipa bomba la sindano lenye maji na akanitaka nilichome mara nyingi hadi mkono ukazoea kuingia kwa mkupuo mmoja bila kusitasita, kwa sababu kusitasita ndiko kunakouma. (Mkoa wetu una sifa ya zabibu, lakini kwa kazi hii zabibu haina msaada wowote.) Baada ya hapo nilijichoma dawa halisi mbele yake siku tatu mfululizo, naye hakusema neno isipokuwa pale nilipokosea. Siku ya kwanza kidole changu kiligusa sindano nikiwa nimeshaitoa kwenye kifuniko chake, nikamuuliza kama naweza kuipangusa kwa spiriti. "Hapana, kaka," akasema, "ikiguswa imeshachafuka, tupa, chukua nyingine." Kwa hiyo usikubali kuondoka na idadi kamili ya sindano, mabomba na vichupa, omba ziada ya kila kimoja, kwa kuwa bila ziada utashawishika kutumia kilichochafuka.

Nyumbani, kazi kubwa ni usafi, na huku kwetu adui wa usafi ni vumbi. Funga madirisha, zima feni, futa meza kwa maji na sabuni kisha kwa spiriti, uiache ikauke. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua sekunde 40. Pasipo bomba la maji, kibuyu chirizi kinatosha kabisa, ilimradi mtu asikumwagie maji kutoka kwenye beseni ambalo wengine wameshachovya mikono. Panga kila kitu mezani kabla hujafungua chochote: kichupa cha dawa, kimiminika cha kuchanganyia, bomba moja, sindano mbili, pamba, spiriti na kasha la kutupia. Kisha soma kichupa: jina la dawa, kiasi na tarehe ya mwisho wa matumizi, uvilinganishe na karatasi ya daktari. Dawa yenyewe itunzwe ndani ya boksi lake mbali na jua, mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba, kwa joto lisilozidi lile lililoandikwa kwenye boksi. Chini ya bati la Novemba si mahali pake.

Seftriaksoni huja ikiwa unga. Kwa sindano ya msuli, gramu 1 kwa kawaida huyeyushwa kwa mililita 3.5 hivi za lidokeini ya asilimia 1, yaani ile ganzi, kwa sababu dawa hii ikichomwa kwenye msuli bila ganzi huuma kupita kiasi. Lakini kipimo cha kufuata ni kile ulichoandikiwa wewe. Shika sana jambo hili: mchanganyiko wenye ganzi ni wa msuli tu, na kamwe hauingizwi kwenye mshipa wa damu wala kwenye kanula (kile kimrija kinachoachwa kwenye mshipa), kwa kuwa unaweza kuvuruga moyo. Bandua kifuniko cha kichupa, futa mpira wake kwa spiriti, subiri ukauke, ingiza kimiminika, kisha tikisa taratibu hadi unga wote uyeyuke. Maji yake huwa na rangi ya manjano hafifu, na hilo lisikutishe. Ukiona chembe zinazoelea au mawingu, usiitumie. Vuta dawa kwenye bomba, toa mapovu, kisha badilisha sindano, maana ile iliyotoboa mpira imeshapungua makali. Dawa iliyochanganywa ichomwe wakati huo huo, isiwekwe hadi jioni.

Mahali panapofaa kwa anayejichoma ni upande wa nje wa paja. Weka kiganja kimoja juu ya goti na kingine chini ya nyonga. Eneo linalobaki katikati, upande wa nje, ndilo lako. Tako liachie wengine, kwa sababu hulioni vizuri na ndani yake unapita mshipa mkubwa wa fahamu ambao ukiguswa unaweza kuuacha mguu na ulemavu. Keti, kunja goti kidogo, legeza mguu kabisa. Safisha ngozi kwa spiriti kuanzia katikati kwenda nje kwa sekunde 30, na uache ikauke yenyewe bila kupuliza, maana pumzi yako ina vijidudu na spiriti isiyokauka huwasha ikiingia ndani.

Tandaza ngozi kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ingiza sindano ikiwa wima, kwa mkupuo mmoja. Vuta nyuma kidogo kijiti cha bomba kwa sekunde chache. Damu ikionekana, chomoa, tupa vyote, anza upya na kichupa kingine upande mwingine. Damu isipoonekana, sukuma polepole, takriban sekunde 10 kwa kila mililita. Ukiharakisha, paja litakukumbusha usiku kucha. Maumivu yanayokimbia kama umeme hadi mguuni, au ganzi ya ghafla, ni ishara ya kuchomoa mara moja. Dawa ikiisha, subiri sekunde 10, chomoa kwa mwelekeo ule ule ulioingilia, bonyeza kwa pamba kavu na usisugue. Kesho ni zamu ya paja la pili. Andika tarehe, saa na upande kwenye daftari, kwa kuwa siku ya nne hutakumbuka. Ukisahau dozi, piga simu uulize, na usichome mbili kwa mpigo.

Usijichome ukiwa peke yako nyumbani. Mimi nilimketisha mama mdogo karibu, mwenye simu iliyo na chaji na namba ya mtu mwenye usafiri, kwa sababu mzio unaweza kutokea hata kwenye dozi ya tano. Midomo au uso ukivimba, vipele vikitapakaa, kifua kikibana, au ukihisi kuzirai, lala chini, miguu iinuliwe, na msaada utafutwe hapo hapo. Anayeshindwa kupumua aachwe akae, lakini asisimamishwe wala asitembezwe. Yapo mengine yanayotaka urudi kituoni siku hiyo hiyo ingawa hayakuangushi: paja linalozidi kuvimba na kuwa la moto, usaha, macho kuwa ya manjano, au kuharisha maji mengi au damu, ambako kunaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Homa isiyoshuka baada ya siku mbili tatu za dawa nayo iripotiwe, kwani huenda dawa siyo, au ugonjwa siyo.

Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujichoma vidole. Iangukie moja kwa moja kwenye kasha la usalama ulilopewa, au kwenye kidumu kigumu cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, kilichowekwa juu mbali na watoto. Kikifika robo tatu, funga. Usitupe jalalani wala chooni, kwani choo hutapishwa na jalala huchokonolewa na watoto na mbwa. Peleka kasha kituoni pamoja na vichupa vilivyosalia, hata kama jirani mwenye kikohozi ameshakuomba kimoja. Sista wangu alifungua daftari, akahesabu vichupa vilivyobaki mbele yangu kimoja kimoja, kisha akaniambia nivute suruali juu ayaone mapaja yote mawili.