Faini ya kamera isiyo yako: fungua picha kabla ya kulipa

Ukiletewa faini ya kamera ya barabarani na huna kumbukumbu ya kupita pale, usilipe kwanza ukidhani utadai baadaye. Sehemu nyingi kulipa huhesabiwa kuwa umekubali kosa. Omba au fungua picha yenyewe, uikuze, kisha linganisha namba ya gari iliyo pichani na yako herufi kwa herufi, halafu aina ya gari, rangi, taa za nyuma, mkwaruzo, stika. Namba kwa kawaida husomwa na programu, nayo huchanganya B na 8, O na 0, hasa kibao kikiwa na tope au skrubu ikikaa vibaya. Mtu anayetakiwa kuhakiki naye huchoka. Ukiona tofauti, andika pingamizi fupi: namba ya faini, tofauti yenyewe, picha ya gari lako ubavuni mwa picha yao. Maelezo marefu ya hasira hayasaidii chochote.

Njia hii inagoma pale mtu alipoghushi namba yako na kuibandika kwenye gari linalofanana na lako. Hapo toa taarifa polisi na utafute ushahidi wa gari lilipokuwa saa ile: risiti ya maegesho, rekodi ya GPS (kifaa kinachoonyesha gari lilipo). Inagoma pia kama gari ni lako ila aliendesha shemeji. Hiyo mara nyingi ina fomu yake ya kumtaja dereva. Na ukipitisha tarehe ya mwisho ya kupinga, hata picha yao ikionyesha trekta badala ya gari lako, inaweza isikuokoe.