Stori ya vita ikikufikia mezani usiirushe hivyo hivyo

Ndugu zangu mnaofanya habari, iwe redioni, gazetini au una chaneli yako tu YouTube, nataka tuongelee stori za vita maana naona tunabebeshwa maneno na wenye bunduki na sisi tunayarusha kama yalivyo.

Kitu kikubwa kuliko vyote, uliza nani kaona kwa macho yake na huyo aliyeona ni nani. Oktoba 1990, Iraq ikiwa imeshaivamia Kuwait, binti wa miaka 15 alikaa mbele ya wabunge wa Marekani akalia, akasema kawaona wanajeshi wa Iraq hospitalini Kuwait wanatoa watoto njiti kwenye mashine za joto wanawaacha wafe sakafuni, akatambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah. TV zikarusha, Rais Bush mkubwa akairudia mara kibao, Januari 1991 Marekani na wenzake wakaanza kuipiga Iraq mabomu. Januari 1992 ndo watu wakaja kujua kumbe ni mtoto wa balozi wa Kuwait hapo hapo Washington, na ushahidi uliandaliwa na kampuni inayolipwa kuwajengea wateja sifa nzuri kwa watu, Hill & Knowlton, kwa hela zilizotoka Kuwait. Yani swali ambalo bibi yeyote uswahilini anamuuliza mtoto mgeni, "wewe mtoto wa nani?", halikukaziwa mpaka vita imeisha! Na Iraq ilivamia kweli, watu waliumia kweli, ndo maana uongo ulipita kirahisi, umepanda mgongoni mwa ukweli.

Afu usiishie kwa wakubwa. Kabla ya vita ya Iraq ya 2003, serikali ya Marekani ikidai Iraq ina silaha za maangamizi, waandishi Jonathan Landay na Warren Strobel wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya Marekani, walikuwa wanawatafuta maofisa wa chini, wale wanaosoma ripoti zenyewe, na hao wakawaambia ushahidi wa silaha hizo ni mwembamba. Magazeti makubwa yalibaki na mawaziri na wakimbizi wa kisiasa kutoka Iraq, na 26 Mei 2004 New York Times ikabidi ikiri kwa wasomaji wake kwamba haikuchunguza vya kutosha. Kwahiyo ukishamsikia msemaji wa jeshi, mtafute nesi, dereva wa lori, mama aliyekimbia na watoto.

Maneno nayo yaangalie sana. Redio RTLM ya Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, iliwaita Watutsi mende, kila siku mende mende, mpaka jirani akaonekana mdudu, na 3 Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa hapo Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Kamanda akikwambia "tumesafisha kijiji", muulize palikuwa na kina nani, wangapi, wako wapi sasa, na hilo neno libaki mdomoni mwake, lisiwe kichwa cha habari yako.

Kuhakiki video ni kazi ya dakika chache, piga skrinshoti utafute mtandaoni picha imetokea wapi mara ya kwanza, maana hata vipande vya gemu la Arma 3 vimeshazungushwa kama vita ya Ukraine.

Mhariri atakwambia wenzetu washarusha. Mwambie turushe tulichonacho: fulani anadai hivi, sisi hatujathibitisha. Kesho yake piga simu tena, na ukikuta mlikosea sahihisheni kwenye taarifa ile ile, saa ile ile mliyokosea.