Namna ya kuamua kama programu uliyoiandika inakiliwe bure au ilipiwe

Ukiwa umeandika programu ya kutunza hesabu za SACCO au ya kufuatilia ada za shule, na sasa watu wengine wanaiomba, utalazimika kuamua kama waichukue na kuinakili bila malipo au wailipie. Wengi huligeuza jambo hili kuwa shauri la ukarimu na uchoyo, ilhali swali la msingi ni nani atakayeitunza programu hiyo miaka inayokuja, na atalipwa kwa kazi ipi.

Anza kwa kuthibitisha kwamba programu ni yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara, zinailinda programu ya kompyuta pasipo kuhitaji kuisajili kwanza. Hata hivyo, kazi uliyoifanya katika kutekeleza ajira yako kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwajiri isipokuwa mkataba umesema vingine, na sheria ya Kenya inaichukulia hivyo hivyo kazi uliyoagizwa na mteja ambaye hakukuajiri. Soma mkataba wako. Kama hauko wazi, omba barua yenye sahihi kabla ya kutoa hata nakala moja. Kagua pia vipande ulivyovikopa kwa waandishi wengine. Kipande chenye leseni ya MIT, mojawapo ya leseni zinazowaruhusu watu kunakili na kubadilisha programu bure, kinakutaka udumishe tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe, lakini ukiwa umechanganya ndani ya programu yako msimbo (maandishi ya programu yenyewe) wenye leseni ya GPL, ambayo nayo ni ya aina hiyo ila ina masharti zaidi, kila unayempa programu hiyo ana haki ya kupata msimbo wote kwa masharti yale yale, na sehemu kubwa ya uamuzi wako itakuwa imekwisha kufanywa.

Baada ya hapo, jiulize unauza nini hasa: nakala au kazi. Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani, akilalamika kwamba wengi walikuwa wakitumia BASIC, lugha ya kuandikia programu ambayo kampuni yake iliiuza kwa kompyuta ya Altair, bila kuinunua, na kuuliza nani angemudu kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira. Mwaka 1983 mwandishi wa programu Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo wa kompyuta ulio huru kunakiliwa, akiwa na msimamo kwamba mtumiaji anastahili kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Kinachosahaulika ni kwamba leseni ya GPL iliyotokana na juhudi hizo haikatazi kuuza. Unaweza kudai bei yoyote kwa nakala, ila aliyeinunua anaweza kumpa jirani yake bila kukuomba ruhusa, hivyo usitegemee mauzo ya nakala yakulishe kwa muda mrefu. Kampuni ya Red Hat ilijijenga kwa kutoza huduma na matunzo ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzinakili na kuzibadilisha, na IBM iliinunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34, kiasi ambacho mwandishi wa programu ya shule hapaswi kukipigia mahesabu, ingawa kinathibitisha kwamba wapo wateja wanaolipia matunzo.

Kwetu mfano wenye manufaa zaidi ni DHIS2, programu ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Leseni yake haina ada, lakini seva, mafunzo na wataalamu wa kuirekebisha vyote vinagharimiwa, na wataalamu hao wanaweza kuwa wa hapa hapa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na uliweza kufanya hivyo bila kungoja kampuni yoyote ione kama soko letu linatosha. Programu yako ikiwa na watumiaji wengi wenye mahitaji yanayotofautiana, na wewe huwezi kuwafikia wote, ninapendekeza uifungue, yaani uitoe kwa leseni huria, na uuze kazi yako ya kuisakinisha kwenye kompyuta zao, kufundisha na kurekebisha.

Kuuza nakala kunafaa zaidi pale wateja wanapokuwa wachache na wanachokitaka ni mtu wa kuwajibika, kwa mfano programu ya mishahara inayopaswa kurekebishwa kila viwango vya kodi vinapobadilika. Katika hali hiyo toza kwa mwaka, na mkataba utaje idadi ya watumiaji, muda wa masasisho, na namna mteja atakavyochukua data zake akiamua kuondoka. Usipoteze miezi ukitengeneza kufuli za kuzuia kunakili: anayekusudia kuiba hupata njia, na anayeteseka ni mteja mwaminifu ambaye kompyuta yake imeungua siku ya kulipa mishahara.

Ukiamua kuifungua, chagua leseni iliyokwisha kuandikwa na wanasheria. MIT inamruhusu yeyote kuichukua programu, hata kuifungia ndani ya bidhaa yake. GPL inamtaka anayesambaza toleo alilolibadilisha atoe pia msimbo wake. Kwa programu ya SACCO inayoendeshwa kwenye seva ningechagua AGPL, ambayo toleo lake la sasa ni la mwaka 2007, kwa kuwa hiyo inamfunga hata anayeibadilisha na kuitoa kama huduma ya mtandaoni bila kumpa mtu nakala. Epuka kujitungia sharti la “kwa matumizi yasiyo ya kibiashara”, maana utabaki ukibishana kama shule binafsi inayotoza ada inafanya biashara. Ipo pia njia ya leseni mbili iliyotumiwa na programu za MySQL na Qt, ambapo anayekubali masharti ya GPL halipi na asiyeyakubali hununua leseni nyingine. Njia hiyo inakuhitaji uwe na ruhusa ya maandishi kutoka kwa kila aliyechangia msimbo.

Kabla ya kuitoa hadharani, ondoa nywila na data za wanachama, na usisahau historia ya matoleo ya awali, kwa sababu Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, huhifadhi hata ulichokifuta mwaka jana. Weka faili yenye maneno kamili ya leseni pamoja na jina lako na mwaka. Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni haumruhusu mtu kuutumia apendavyo, hata kama nia yako ilikuwa hiyo. Jina la programu ni mali tofauti na msimbo, nawe unaweza kulisajili kama alama ya biashara kwa KIPI (Taasisi ya Mali ya Viwanda) nchini Kenya au BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) Tanzania Bara.

Ikiwa bado unasita, anza kwa kuuza. Programu unayoiuza leo unaweza kuifungua wakati wowote, lakini toleo ulilolitoa kwa leseni huria huwezi kuwanyang'anya waliokwisha kulipokea. Utakachoweza kukifunga ni matoleo yanayofuata tu.