Walilinganisha na Nini? Namna ya Kusoma Habari za Utafiti Kabla ya Kuzifuata

Simu yangu haikosi ujumbe unaoanza na "watafiti wamegundua". Majirani wa hapa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, wanajua nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto na sasa nafuga ng'ombe wa maziwa, basi mambo ya dawa huletwa kwangu na ya malisho huletwa kwangu. Siku hizi hata ya makombora na ya nyota. Nayapokea yote kwa moyo mmoja, maana naamini mtu ambaye hakufika chuo kikuu ana haki ya kujua utafiti umesema nini, na anaweza kujua. Mimi huanza na swali moja tu, mengine hufuata yenyewe: walilinganisha na nini?

Katika utafiti mzuri utaona makundi: hawa walipewa kitu kinachojaribiwa, wale hawakupewa. Kisha wote wakapimwa kwa kipimo kimoja. Ukiusoma ujumbe mara mbili na hujaona makundi hayo, usiufuate kwanza, hata ukitajiwa chuo kikuu gani.

Tafuta kundi ambalo halikupewa

Mfano ninaowasomesha majirani ni wa karibu na kwetu. Mtoto analetwa hospitali na homa kali, mikono na miguu ya baridi, anahema, damu haizunguki sawasawa. Kwa miaka mingi, mwongozo wa nchi tajiri ulisema mtoto huyu apewe maji mengi ya mshipa, tena kwa haraka. Nani angebisha? Profesa Kathryn Maitland, anayefanyia kazi Kilifi, pamoja na wenzake wakaona lipimwe badala ya kukisiwa. Jaribio lao, FEAST, lilifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yakachapishwa 2011.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Moja lilipewa maji ya haraka yenye albumini (protini ya damu), moja maji ya haraka ya chumvi, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Dawa na matunzo mengine yalikuwa sawa kwa wote. Saa 48 zilipopita, katika kundi la tatu walikuwa wamefariki watoto 7.3 katika kila 100. Katika makundi yaliyopewa maji ya haraka walikuwa 10.6 na 10.5. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Kuna jambo hapa ambalo kila aliyewahi kukesha wodini atalielewa. Saa ya kwanza, dalili za mzunguko wa damu zilitengemaa kwa watoto wengi zaidi katika makundi yaliyopewa maji. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba maji yanasaidia, na angekuwa anasema alichokiona kwa macho yake. Mtoto akifariki usiku, ingesemwa kazidiwa na ugonjwa. Bila lile kundi la tatu, vifo vile visingejulikana vimetoka wapi.

Na angalia kama makundi yaligawanywa kwa kura. Daktari akiachiwa achague, maji atawapa walio hoi zaidi, kisha vifo vya walio hoi vitahesabiwa juu ya maji. Kura inawachanganya walio hoi na wenye nafuu pande zote.

Hatua inayofuata ni kudai namba mbili tupu. Matokeo haya haya mtu anaweza kuyaandika "maji yaongeza vifo kwa asilimia 45", na hatakuwa amedanganya, kwa sababu 10.5 inaizidi 7.3 kwa karibu kiasi hicho. Lakini mama anayesoma asilimia 45 atadhani nusu ya watoto wamekufa. Mwambie saba kwa mia, na kumi au kumi na mmoja kwa mia, hapo ataelewa ukubwa halisi wa jambo. Kwa hiyo kila unapoona "yaongeza maradufu" au "yapunguza kwa nusu", uliza: kutoka ngapi mpaka ngapi?

Kisha uliza ni nani hakuhesabiwa. Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote. Watoto wa kuhara na wale wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika jaribio lile. Mzazi akisikia juu juu kwamba "dripu zinaua", akamzuilia dripu mtoto aliyekauka kwa kuhara, atamuumiza kwa utafiti ambao haukumhusu mtoto huyo. Matokeo yanawafuata waliopimwa. Wa kando yao wanahitaji utafiti wao.

Hii ndiyo sababu habari ya dawa iliyojaribiwa kwa panya peke yake siisambazi. Ni mwanzo mwema wa kazi, ila mgonjwa wako hawezi kuifanyia uamuzi wowote.

Walipima kitu gani hasa?

Kijana mmoja jirani, mfugaji wa mbuzi, alikuja na simu mkononi na gunia begani. "Shangazi, mwani unanenepesha mifugo. Marekani wamethibitisha." Gunia limejaa mwani alioukusanya ufuoni, bado umelowa, mchanga unadondoka kwenye sakafu, na ndani nikaona vipande vya kamba ya wavuvi. Nikamwambia aketi tuisome habari yenyewe mstari kwa mstari.

Utafiti ni wa kweli. Ulifanywa California na ukachapishwa 2021. Walikuwa ng'ombe 21 wa nyama, waliofuatiliwa kwa siku 147. Wengine walichanganyiwa mwani katika chakula, wengine hawakuchanganyiwa. Mpaka hapo mlinganisho upo. Lakini nikamwomba atafute neno linalotaja kilichopimwa, akalipata: gesi ya metheni, ile ambayo ng'ombe huicheua akaitoa kinywani, na ambayo inachangia joto la dunia. Kwa aina mojawapo ya chakula ilipungua kufikia asilimia 80, na hilo ni jambo kubwa sana. Uzito nao ulipimwa, na waliokula mwani hawakunenepa kwa kasi kuliko wenzao. Neno "unanenepesha" liliongezwa njiani na mtu aliyeusambaza ujumbe.

Tukaendelea. Mwani wenyewe ni aina moja, Asparagopsis taxiformis, uliokaushwa na kupimwa, kiasi kisichofika asilimia 1 ya chakula cha siku. Si kila kinachooteshwa na bahari. Wa kwenye gunia lake ulikuwa mchanganyiko tu wa ufuoni, na kwa chumvi na mchanga ule mbuzi wangeharisha kabla ya jioni, mbali na hatari ya kumeza kamba.

Basi katika habari yoyote ya malisho shika haya: mnyama gani, wangapi, aina gani ya lishe, kiasi gani, na walipima maziwa, uzito au kitu kingine. Moja likikosekana, usibadilishe chakula cha mifugo wako.

Aliyepima alikuwa anajua jibu?

Habari za silaha na vyombo vya usalama zina ugumu wake. Mara nyingi muuzaji ndiye mpimaji, na vipimo vinafungiwa kwa jina la siri ya jeshi. Chukua vile vifaa vilivyoitwa ADE 651 na GT200. Ni kishikio chenye waya mrefu kama antena, na wauzaji walidai kinanusa mabomu kutoka mbali. Iraki ilivinunua ADE 651 kwa mamilioni ya dola na kuviweka vizuizini Baghdad. Askari walioshika waliviamini, maana waliona antena ikigeuka mikononi mwao.

Kilichohitajika ni jaribio la siku moja: ficha baruti mahali, na anayeshika kifaa asijue ni wapi. Thailand ilifanya hivyo 2010 kwa GT200, nacho kikapata mara 4 katika 20. Ndani ya vifaa hivyo hamkuwa na chombo chochote cha kunusa kitu. Mahakama za Uingereza ziliwafunga wauzaji 2013, James McCormick wa ADE 651 miaka 10, na Gary Bolton wa GT200 miaka 7. Waliopita mbele ya vizuizi vile wakiamini wamelindwa hawakuwa na wa kuwaambia mapema.

Hata pale silaha inapofanya kazi, tazama nani alihesabu. Wakati wa vita vya Ghuba, Februari 1991, Rais wa Marekani alisema makombora ya kujihami ya Patriot yamezuia makombora 41 kati ya 42 ya Iraki, yaitwayo Scud. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo hiyo ilipopitia ushahidi 1992, ilikuta ushahidi wenye nguvu kwamba Scud iliharibiwa katika kiasi cha asilimia 9 tu ya mara Patriot ziliporushwa kuizuia. Sisemi mengine yote yalishindwa. Nasema hesabu ya mtumiaji na hesabu ya mkaguzi huwa mbili, nawe tafuta ya mkaguzi.

Nani mwingine aliona?

Nyota haziwezi kugawanywa kwa kura. Huko mlinganisho ni kati ya mpimaji na mpimaji. Sisi wa Malindi tuna haki ya kulijua hili kuliko wengi, maana kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini hapo Ngomeni, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za angani. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaipa jina Uhuru. Anga letu huzimeza eksirei hizo kabla hazijafika chini, na hapo awali roketi zilikuwa zikichungulia kwa dakika chache kisha zinaanguka. Uhuru ilitazama mbingu nzima, ikaorodhesha vyanzo 339.

Kimoja, Cygnus X-1, ilikiona kikimetameta kwa kasi ya ajabu. Wataalamu wa Uingereza, na mwingine Toronto, kila upande kwa darubini yake, wakaipata nyota iliyo hapo na kuona inazungukana na kitu kizito kisichoonekana. Hivyo ndivyo Cygnus X-1 ilivyokuja kukubalika kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkubwa hata mwanga hautoki. Mkuu wa kazi ya Uhuru, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2002.

Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana 2011. Kikundi cha OPERA kilitangaza kwamba chembe ziitwazo nyutrino, zilizotumwa kutoka maabara ya fizikia ya CERN, Uswisi, mpaka maabara iliyo chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730 hivi, zilifika nanosekunde 60 (chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde) mapema kuliko mwanga, ambao fizikia inasema hakuna kinachoupita. Wenyewe waliomba wengine wapime. Mwaka uliofuata ikagundulika kebo ya mwanga haikukazwa vizuri, na chombo kingine katika mlima ule ule kikapata mwendo wa kawaida. Ukisoma ugunduzi wa kushangaza, uupe mwaka. Kama ni kweli, wa pili atauona.

Na angalia kama utafiti haujafutwa na jarida lenyewe. Ule wa 1998 uliohusisha chanjo ya surua na usonji ulikuwa na watoto 12, bila kundi la kulinganisha, na jarida la Lancet lililouchapisha liliufuta 2010. Hapa kwetu bado naletewa. Jina la utafiti ukiliandika PubMed, hifadhi ya tafiti za tiba mtandaoni, muhtasari unausoma bure, na uliofutwa umewekwa alama wazi juu.

Jaribu mwenyewe, bomani

Watafiti wa Embu walionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, mti wa malisho, zinaweza kufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha gunia. Wamelinganisha na kitu ninachokinunua, tena kwa kilo. Hiyo ndiyo habari ya kutumika. Lakini Embu ni nyanda za juu zenye baridi, na ng'ombe wangu anahema kwa joto la pwani, kwa hiyo napima kwangu.

Chukua ng'ombe wawili waliozaa karibu wakati mmoja. Wa kwanza aanze na gunia, wa pili na majani, wiki tatu, kisha wabadilishane wiki tatu. Mabadiliko yafanywe polepole kwa siku kadhaa, na maziwa ya wiki ya kwanza baada ya kubadilisha usiyahesabu, tumbo bado linazoea. Kubadilishana ni lazima, kwa sababu maziwa hupungua yenyewe kadiri ndama anavyokua, na mvua ikinyesha nyasi nzuri huyaongeza. Ukimtazama ng'ombe mmoja kwenda mbele tu, utamsifu au kumlaumu mkaliandra bure. Tumia jagi lile lile, saa ile ile, asubuhi na jioni, na anayeandika namba daftarini asiwe yule aliyelisha.